Mizania ya Korosho

Mdogo wangu wa kike alipochumbiwa kule Tanga, baba alikuwa ameshafariki, na kaka ni mimi peke yangu. Walii wake wa ndoa ni mimi. Nilikuwa nimemwahidi baba kwamba nitamshika bwana harusi mkono na kumwozesha binti yake kwa mdomo wangu. Lakini nilikuwa Kasulu, nafundisha uhasibu sekondari, na mkuu wa shule alinipa siku tatu tu. Basi lingezimaliza zote njiani. Ilibidi nipande ndege Kigoma.

Kampuni za ndege zilikuwa mbili, na zote hoi. Mtu mwenye akili zake angeuliza nauli. Mimi nilichukua hesabu zao zilizotoka gazetini, nikaziandika ubaoni, Kampuni A na Kampuni B, nikawauliza kidato cha nne ipi ina afya zaidi. Tukapanga mali huku na madeni kule kwa vipindi viwili vizima. A ilikuwa na hasara ndogo, na madeni yake, kwa kujibana sana, yangelipika. B ilidaiwa hadi na waliowauzia mafuta. Nikaipigia A mstari kwa chaki nyekundu, nimejaa raha.

Binti mmoja anayetoka kijiji cha Munanila akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu mbuzi wawili wakiugua hatuulizi yupi ana nafuu. Tunauza wote."

Darasa likacheka. Nikamwambia hilo halimo kwenye mtaala.

Jioni nikapita kwa Alhaji, mwenye duka la vitenge mjini, mtu wa pwani kama mimi, ambaye hupanda ndege mara kwa mara kufuata mzigo Dar. Yeye gazeti hasomi.

"Mimi naangalia kinachogawiwa angani," alisema. "A zamani walitoa korosho. Ikaja karanga. Safari iliyopita nimepewa pipi moja, na dada aliyegawa alikuwa anazihesabu. B wana karanga mpaka leo. Panda B, Mwalimu."

"Alhaji, karanga haziingii kwenye mizania."

"Haziingii. Lakini mtu akishindwa kununua karanga, mafuta atanunua na nini?"

Nilimwonea huruma, kama msomi anavyomwonea huruma mtu aliyemzidi fedha. Nikakata tiketi ya A.

Ijumaa asubuhi, uwanjani Kigoma, mhudumu wa A alituambia turudi kesho. Jumamosi hakuwepo hata mhudumu. Kaunta ilikuwa na karatasi: safari zimesitishwa kwa sababu za kiuendeshaji. Nimefundisha uhasibu miaka kumi na moja, sijapata kuona maneno matatu yakabeba madeni mengi namna ile. Nikakimbilia B. Imejaa.

Nikah ilikuwa alasiri. Nilikuwa bado pale kwenye kaunta, na abiria wenzangu wakigombana na ile karatasi, shehe aliponipigia kutoka Tanga. Akaniuliza kama nampa uwakala amwozeshe dada yangu badala yangu. Nikaanza kujibu. Wakati huohuo ndege ya B ikaanza kukimbia, na sauti yake ikameza yangu.

"Rudia, Mwalimu," shehe akasema. "Hatukusikia."

Nikangoja B ipae na karanga zake. Kisha nikarudia, nikataja jina la dada yangu na la baba. Pale kwenye jina la baba nililia, mbele za watu, na sikujali.

Wiki chache baadaye B nayo ilibandika karatasi yake. Alhaji alikuwa na tiketi yao mfukoni.

Lakini hilo lilikuwa bado. Jumatatu ile niliingia darasani, nikakuta mstari wangu mwekundu bado upo ubaoni, hakuna aliyethubutu kuufuta. Yule binti wa Munanila akasimama, kwa heshima kabisa.

"Mwalimu, harusi ilikuwaje?"

Nikamwambia nimesikia ilikuwa nzuri, nikachukua dasta.