Nilishika Raketi Kama Fimbo ya Ng'ombe

Kosa ni langu, ndugu zangu. Shetani msimguse, mtamwonea bure.

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimejaa. Tangu siku hiyo hakuna jambo duniani nisilolijua! Kumbe!

Hapa Nyamwaga jirani yetu, mgeni aliyekuja kwa kazi za mgodini, alifunga wavu uani kwake, tukawa tunacheza mpira wa vinyoya Jumapili. Mke wangu, fundi cherehani, aliucheza shuleni, tena vizuri. Akanishika mkono mbele ya watu.

"Baba watoto, usiikabe hiyo raketi. Ishike kama unamsalimia mtu. Vidole vilegee, ubane pale tu unapopiga."

"Mimi nimechunga ng'ombe mia tano kijijini Mbalibali!" nikamjibu. Walikuwa kumi na wawili. "Wewe wa kunifundisha kushika mti?"

Watu wakacheka. Nikaikaba raketi kama vile inataka kutorokea Kenya.

Tulicheza upande mmoja, mimi na yeye. Kinyoya kikaja katikati yetu. Akaita, "Changu! Niachie!" Mimi huyo, nikazungusha mkono mzima kutoka begani, kama namchapa fahali aliyeingia kwenye mahindi. Kinyoya sikukigusa. Ukingo wa raketi ukampata jichoni.

Yowe lile, jamani!

Kule zahanati, nesi alinitazama mimi kabla ya mgonjwa. "Umempiga na nini?"

"Raketi."

"Raketi?" Akamgeukia mke wangu. "Mama, sema ukweli, usimwogope."



"Ni raketi, dada," mke wangu akasema. "Nilimwambia alegeze. Hakusikia."

Afadhali angenitukana!

Daktari wa macho kasema damu imevilia ndani ya jicho, hawezi kuahidi kitu. Juzi mke wangu alijaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja, lile lingine limefungwa bandeji. Akakosa, akakosa, akanipa mimi. Nami nikashindwa.

Kesho bandeji inafunguliwa. Siku ya kutahiriwa sikupepesa hata kope. Leo naogopa kitambaa!

Wanaume wenzangu, anayejua akikushika mkono akufundishe, nyamaza ufundishwe, hata kama ni mkeo, hata kama watu wanacheka. Mimi kesho nitasimama mbele yake, nisubiri aniambie kama ananiona kwa jicho hilo.