Mwinuko wa Sheffield na Magoti ya Mama

Kabla sijakanyaga Uingereza hata siku moja, ningeweza kukutajia mji gani wa kule umeinuka na mji gani umelala bapa. Hull? Bapa. Norfolk? Vilima vya kujidai tu. Kule Cambridgeshire kuna mahali palipo chini ya usawa wa bahari, na watu wanapita na mbwa wao bila wasiwasi. Lakini Sheffield usinitajie. Sheffield ilikuwa adui yangu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mama. Baba alifariki mwishoni mwa miaka ya 2000, mama akabaki peke yake Lushoto, kwenye ile nyumba yetu iliyojishikiza mlimani. Watoto tuko wawili tu: mimi Toronto, na mdogo wangu wa kiume Sheffield, dereva wa basi. Siku moja mama akateleza kwenye njia ya nyuma ya nyumba akiwa na tenga la kabichi, akabiringika mpaka uani kwa jirani. Kabichi zilifika kabla yake. Alitusimulia kwenye simu huku akicheka mpaka akakohoa, lakini sisi tulichosikia ni magoti. Magoti ya mama yalikuwa mabovu tangu zamani. Tukaamua hakai peke yake tena, anakuja kwa mmoja wetu. Kwa nani? Hapo ndipo tuliponuniana.

Mimi nilimtaka mama, wallahi nilimtaka. Nilijifungua binti yangu katika mji huu bila mama wa kunikanda wala kunipikia uji. Mume wangu ndiye aliyenichemshia maji na uji, simu ameibana begani, mama anamwelekeza kutoka Lushoto, naye anauliza kama pilipili manga inamwagwa yote. Nilitaka jioni nikishuka basi kwetu Scarborough, huku huku Toronto, baridi imenitafuna masikio, nifungue mlango nikute mtu wa kuniambia pole mwanangu. Mdogo wangu naye alikuwa na yake. Hajaoa, anakula chipsi kila siku ya Mungu, na alikuwa kitinda mimba. Vitinda mimba mnawajua, wanadhani mama alizaliwa kwa ajili yao.

Basi tukapigiana simu ya watu watatu, mimi nikiwa dada mkubwa na mwenyekiti.

"Mama," nikasema, "chagua mwenyewe. Toronto au Sheffield?"

Laini ikakoroma kidogo. "Mimi popote, wanangu. Nyote ni wangu. Shida yangu mimi ni kupanda tu."

Kupanda! Karibu niruke. "Umesikia, mdogo wangu? Shida ya mama ni kupanda. Na wewe unakaa wapi vile?"

 Dereva wa basi wa Sheffield hahitaji kuelezwa habari za kupanda.

Kuanzia hapo nikawa mpima ardhi. Ofisini kwetu Markham, saa ya chakula, wenzangu wanazungumza habari za magari yao, mimi nina kopo langu la wali na maharage mbele ya kompyuta, nimefungua ramani inayokuonyesha mwinuko wa kila mahali unapogusa. Mji wa Sheffield, jamani! Kwenye mto ni chini, karibu sawa na bahari. Ukienda pembezoni, bado uko mji uleule, umeshapita mita mia tano. Mji mmoja! Ningekuwa mimi ndiye meya ningeomba radhi.

"Nyumba yako iko mita ngapi?" nikampigia.

"Dada, niko kazini."

"Jibu."

"Sijui. Kuna ngazi chache tu mlangoni."

"Na nyuma?"

"Nyuma kuna kamteremko."

Kamteremko! Picha ya hako kamteremko nilikuwa nayo, aliituma mwenyewe siku aliyohamia. Nyuma ya nyumba ardhi imesimama wima, nyasi na miiba mpaka ukutani juu, na alikuwa ameandika chini yake kwamba anaogopa hata kwenda kuzikata. "Ile si bustani," nikamwambia, "ile ni paa. Mtu wa magoti unampeleka kuishi na paa? Hamia Hull. Mabasi hata Hull yapo."

Akakasirika. "Na wewe unayejitapa na Scarborough, Scarborough yenyewe hasa iko huku Yorkshire, na ina majabali mpaka baharini."

"Sisi huku tuliazima majina tu, Scarborough, York, Markham, yote yenu. Vilima tuliwaachia wenyewe."

"Na yale majabali ya kando ya ziwa kwenu?"

"Yale ni ya kutazama. Hakuna anayelazimishwa kuyapanda."

Mume wangu alikuwa akisikiliza huku amejilaza kwenye kochi. Yeye mtu wa Tabora, kwao ukikuta kichuguu unapiga picha. Akaniuliza mlima mrefu kuliko yote kwa hao Waingereza una mita ngapi. Nikaangalia. Uko Uskoti, unaitwa Ben Nevis, mita elfu moja mia tatu na arobaini na kitu. Halafu, kwa ubishi tu, nikaigusa Lushoto. Karibu elfu moja na mia nne, pale pale sokoni.

"Kwa hiyo," akasema mume wangu, "mama mkwe anachuma kabichi juu zaidi ya kilele cha Uingereza nzima, na wewe unamtafutia mahali asiteleze."

Nikamwambia akalale na vichuguu vyake. Lakini neno lilinichoma.

Nikampigia mama peke yake, nimweleze kitaalamu habari za ile mistari ya mwinuko kwenye ramani. "Mama, nimeangalia ramani ya kwa mwanao. Kontua za kule zimebanana, mama, zimebanana vibaya."

"Kontua?" Sauti yake ikachangamka. "Kumbe wana kontua? Safi sana. Bwana shamba wetu alikuwa hasemi kingine, kontua, kontua."

Nikaona mtandao unasumbua, nikakata nikapiga tena, tukaongea habari za msiba wa jirani.

Mwishowe mdogo wangu akakubali kushindwa. "Haya, dada. Magoti ni magoti. Aje kwako." Alisema kwa unyonge, lakini nilikuwa nimeshashika mwiko nacheza jikoni, binti yangu ananitazama kutoka mlangoni. Nikamwambia bibi anakuja. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba anajua, jengo zima limesikia.

Karatasi za uhamiaji zilitutoa jasho, ila zilipita. Mama akatua mwezi wa tano, miti imeanza majani. Pale uwanja wa ndege walimleta kwa kiti cha magurudumu, amekaa kama malkia, mkoba mapajani. Nilimkumbatia mpaka mhudumu akakohoa. Ndani ya gari nikaanza kuisifu nchi. Tazama mama, tambarare! Tazama barabara, imenyooka! Nyumbani kwetu utapanda lifti tu, unabonyeza kidude, umefika.

"Alhamdulillahi," akasema mama. "Na mahali pangu pa kupanda?"

"Hakuna!" Nilimjibu kwa furaha, naona haya hata kuandika. "Hakuna pa kupanda hata mahali pamoja, mama. Nimehakikisha."

Akanitazama, kisha akatazama dirishani. Nikasema ni uchovu wa ndege.

Siku zikaenda. Nilimtembeza, kila ninapompeleka ni bapa. Dukani bapa, msikitini bapa, bustani ya kutembea ambayo watu wote wanaisifu, bapa na benchi. Mama alikuwa mpole, na mama yangu hakuwahi kuwa mpole. Huyu ni mwanamke aliyewafukuza mbuzi wa diwani kwa fimbo. Sasa anakaa kwenye kiti cha balkoni, ghorofa ya kumi na kitu, anatazama maegesho ya magari. Chakula anadonoa. Nikirudi kazini ananiambia pole mwanangu, sawasawa kama nilivyoota, lakini sauti haina chumvi. Nilianza kuogopa. Usiku nilimwambia mume wangu mama ananifia mikononi na sijui kwa nini, magoti yenyewe hayalalamiki hata kidogo.

Jumamosi moja nikatafuta kikombe cha chai, hakuna. Kabati tupu. Nikatoka balkoni kuuliza, nikavikuta vyote vimepangwa ukingoni, kivulini, hata kile cha harusi yetu chenye mdomo wa dhahabu. Kila kimoja kina udongo na mche wa haragwe uliojikunja shingo.

"Mama, hivi ni nini?"

"Maharage. Yale ya dukani kwa Mhindi. Udongo nimechota kule chini kwenye maua yenu, usinigombeze."

"Kwenye vikombe?"

"Sasa nitapanda wapi, mwanangu?" Akageuka, na machozi yakawa yamemjaa machoni. "Nilikwambia tangu simu ya kwanza, shida yangu mimi ni kupanda tu. Ukasema sawa, njoo. Nimefika, kila siku unanicheka, hakuna pa kupanda, hakuna pa kupanda. Nimekukosea nini?"

Mtume! Nilikaa chini, hapo hapo kwenye sakafu ya balkoni. Miezi yote ile. Ramani, Hull, mita. Shida yake ni kupanda, mimi nikasikia kinachomsumbua, yeye alisema anachokihitaji. Nikamweleza yote, kuanzia kontua mpaka Cambridgeshire. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe kicheko, kile kicheko cha siku ya kabichi. Tulicheka mpaka mume wangu akaja na taulo kichwani kuuliza kuna nini. Hatukuweza kumjibu.

Kicheko kilipoisha, shida ilibaki pale pale. Nilizunguka kuomba kipande kwenye bustani za pamoja ambazo wakazi hugawiwa chini ya nguzo za umeme. Wakanipokea vizuri sana, wakaniambia tusubiri misimu kadhaa. Nikamletea mama habari.

"Misimu kadhaa," akasema. "Mimi na umri huu." Akamwagilia vikombe vyake. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Ule mteremko wa mdogo wako, amepanda nini?"

"Nyasi, mama. Nyasi na miiba."

"Loh! Ardhi yote ile." Akafuta mikono kwenye kanga. "Unatazama jua?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeukagua ule mteremko kwenye ramani kuliko mwenye nyumba. Ningeweza kusema hautazami jua, mama asingejua.

"Unatazama jua, mama," nikasema. "Kusini kabisa. Mchana kutwa."

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa chooni, mlango nimefunga. Nikamweleza. 

"Dada, unalia?"

"Usiniulize ujinga. Nenda kanunue jembe."

Niliumia, sitadanganya. Karatasi za Uingereza zilipotoka na mama akaondoka, nilirudi kutoka uwanja wa ndege nikaviosha vile vikombe kimoja kimoja, na kila kimoja nilikuwa nakisema. Majirani lazima walidhani mume wangu amefanya jambo.

Mwaka uliofuata ndipo nilipokanyaga Uingereza kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu alinipokea kituoni Sheffield, basi letu likaanza kupanda, likapanda, nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na yule mjinga ananitazama anacheka. Nyumbani nikapita moja kwa moja mpaka nyuma.

Paa halikuwepo. Palikuwa na matuta, moja juu ya jingine, yamekatwa kwa kontua kama kwetu kabisa, na mawe yamepangwa ukingoni yasiporomoke. Maharage yamepanda miti. Kabichi. Viazi vimeanza maua. Na juu kabisa, karibu na ukuta, mama yangu, kanga imefungwa kiunoni, anamfokea jirani Mwingereza upande wa pili kwa Kiswahili, na Mwingereza anaitikia kwa kichwa.

Akaniona. Akaanza kushuka, kitako kitako, tuta moja baada ya jingine, fimbo mkono mmoja, uso umekunjamana kwa maumivu. Nikapiga kelele asishuke, nakuja mimi. Akasimama katikati, anahema.

"Mama, magoti!"

"Yanauma," akasema. "Kila siku yanauma. Kwako yalipumzika vizuri kabisa, mwanangu, nikaumwa mimi."

 Nilikuwa bado na viatu vya safari, mkoba begani, machozi yananitoka mbele ya Mwingereza wa watu. Mama alinitazama kidogo, akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa ngumi imejaa mbegu za maharage, akaninyooshea kutoka kule juu.

"Usinililie bustanini. Haya, panda."

"Kupanda kupi, mama?"

Hata mdogo wangu, kule nyuma yangu mlangoni, aliacha kucheka asikie jibu. Lakini mama hakujibu, alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye tuta lililokuwa bado tupu. Nikavua viatu. Nikapanda, kisha nikapanda.