Polikarpo Alivyopanga Mtumbwi

Siku hizi kila mtu anapanga. Kamati inapanga harusi, wenye maduka wanapanga bei, vijana wanapanga maisha wakiwa wamelala. Mimi kupanga nilikuona Kivukoni, ng'ambo ya Ifakara, masika ya mwaka 1993, kwa Polikarpo, Mndamba mfupi mwenye kikohozi cha tumbaku, aliyevusha watu kwa mtumbwi.

Kila safari, kabla ya kushika pondo lake, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, aliuliza: "Nani mkwe wa nani humu?" Wageni walicheka. Wenyeji walijibu. Mtumbwi ni mwembamba; mtu akigusana goti na mama mkwe wake ataona haya, atajivuta pembeni, na maji hayajui heshima.

Asubuhi ile mto ulikuwa umefurika, pantoni haivuki. Akaja Theodosia amemkumbatia bintiye Yunis, uchungu wa uzazi umembana binti, na hospitali iko ng'ambo, Ifakara. Dionisi, mume wa Yunis, aliwafuata kwa mbali kama mwizi, kwa kumwogopa mkwewe.

"Shikamoo babu, twende basi!" Dionisi alipiga kelele Polikarpo alipoanza kutugawia nafasi. "Unapanga nini, vyungu?"

"Vyungu havina wakwe," Polikarpo alijibu.

Alimlaza Yunis katikati juu ya magunia ya mpunga, mama yake kando yake. Mimi niliwekwa nyuma yao, nimewapa mgongo. "Nawe mwenye vitabu, tazama ulikotoka," aliniambia. Dionisi akapewa kafi, mbele kabisa.

"Ukigeuka utatuzamisha, na utamvunjia mama mkwe wako heshima. Piga kafi tu."

Tulipofika katikati ya mto Yunis alipiga ukelele, kisha kimya. Nikasikia kafi limekoma. Mtumbwi ukaanza kwenda upande. Polikarpo, aliyesimama nyuma na pondo lake, alikuwa akitazama mawingu.

"Piga, mwanangu!"

Kafi likaanza tena. Ndipo kikasikika kilio chembamba, kama cha paka.

"Mama," Dionisi aliita bila kugeuka. "Wote wawili wazima?"

"Wote wawili wazima, baba," Theodosia alimjibu. " Piga kafi."

Leo vijana wa mitumbwi hupakia tu, kila mtu akae atakapo, na wakizama wanasema ni mapenzi ya Mungu.

Tulipogusa ukingo, Theodosia alimlaza mtoto kifuani kwa Yunis, akajitanda khanga usoni, akashuka. Dionisi bado alikuwa anatazama nchi kavu, kafi mkononi.

Polikarpo alikohoa. "Sasa geuka," akamwambia.