Nilimchukia Sista Rula Miaka Thelathini na Moja

Jumamosi iliyopita nilimfokea sista wa miaka themanini na nne mbele ya wanawake mia mbili.

Ndiyo, sista. Mwenye mkongojo, mwenye rozari, mwenye miwani minene kama kitako cha chupa. Nilimnyooshea kidole usoni.

Kabla hamjaanza kunilaani kwenye maoni, someni mpaka mwisho. Ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani. Nina duka langu, mashine nne, na wasichana watatu ninaowafundisha kazi. Nashona sare za karibu shule zote za mji huu, isipokuwa moja. Ile ya masista.

Mara mbili wameniletea oda ya sketi. Mara mbili nimewaambia mashine zimeharibika.

"Zote nne?" aliniuliza mhasibu wao.

"Zote nne," nikamjibu, huku zinanguruma nyuma yangu.

Nilisoma pale miaka miwili na miezi minne. Nilikuwa wa pili darasani, na yule wa kwanza alikuwa halali usingizi kwa ajili yangu. Nilitaka kuwa daktari. Msicheke.

Kisha nikafukuzwa kwa sababu ya kicheko.

Sikilizeni. Pale mkiwa mezani hamzungumzi. Mwenzenu mmoja anasimama mbele anasoma maisha ya watakatifu, nyinyi mnatafuna kimya kama mbuzi wenye adabu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya msichana tuliyemwita Kengele, kwa kuwa ndiye aliyepiga kengele ya kuamka na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi.

Anasoma habari za mtakatifu mmoja aliyekuwa akisali mpaka miguu inaachana na sakafu. Kufika hapo penyewe, kwikwi ikamshika.

"Akapaa... hik! Juu ya... hik! Altare..."

Jamani! Ukumbi mzima uliangua kicheko. Meza kumi na mbili, wasichana wanane kila meza. Hata sista wa jikoni alijifunika uso kwa aproni.

Kesho yake Sista Mkuu akaniita ofisini. Huyo ndiye Sista Rula. Alinyooka kama rula na alitembea nayo mkononi. Nilipofika, sanduku langu lilikuwa tayari mlangoni.

"Umekosa heshima wakati wa masomo matakatifu," akasema. "Shule hii haiwezi kuendelea nawe."

"Mimi peke yangu, Sista? Tulicheka wote!"

Hakunitazama. Alitazama dirishani. "Gari linakusubiri."

Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Njia nzima nilikuwa nawaza kipigo. Baba alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kalamu na kola iliyopigwa pasi, na kaka zangu wawili walikuwa wameonja mkanda wake kwa makosa madogo kuliko hilo langu. Nikajua leo nitakiona cha mtema kuni.

Hakunigusa. Hakunigombeza hata.

Alinipokea sanduku, akasema, "Pole, mwanangu. Wale masista hawana utu. Ingia ndani, mama yako anakuhitaji."

Mama alikuwa kitandani. Kiharusi kilikuwa kimempiga wiki tatu nyuma, upande mzima wa kushoto umekufa ganzi, na mimi kule shuleni hakuna aliyenieleza. Nilikuwa na mdogo wangu wa miezi saba na mwingine wa miaka minne. Nikavua sare, nikaingia kazini. Nilimgeuza Mama, nilimlisha, nilimwosha, miaka miwili na nusu, mpaka alipofariki. Akaniachia cherehani yake, na udaktari wangu ukaishia hapo.

Kila nilipolilia shule, Baba alikuwa upande wangu. Aliacha hata kwenda misa. "Siwezi kupiga magoti kwa watu waliomwonea binti yangu," ndivyo alivyosema, tena mbele ya wageni, tena mbele ya padri mwenyewe.

Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda binadamu yeyote. Nilijiona sistahili baba kama yule.

Alipozeeka, kaka zangu, mmoja mhandisi na mmoja mwalimu wa chuo, walisema nyumba zao zina ngazi nyingi mno kwa mzee. Haya. Nikasema aje kwangu. Huu mwaka wa tisa yuko kwangu.

Sasa, mwaka huu shule imetimiza miaka sabini na tano. Umoja wa wasichana waliosoma pale ukaamua kuandika kitabu cha historia. Mwenyekiti nani? Kengele! Rasimu ikarushwa kwenye grupu. Picha za masista watano wa kwanza na baiskeli zao, picha za bweni likijengwa, kisha orodha ya kila msichana aliyewahi kuandikishwa na jinsi alivyoondoka.

Alihitimu. Alihitimu. Alihamia shule nyingine. Alihitimu. Alifariki, apumzike kwa amani. Alihitimu.

Kisha mimi. "Alifukuzwa: utovu wa nidhamu."

Aliyeniletea ni binti yangu, rafiki yake ana mama kwenye grupu hilo. Alisimama kando ya mashine, akapunguza sauti wale wasichana wa kazi wasisikie.

"Mama, huyu si wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa sababu miaka yote nilikuwa nimemwambia niliacha shule ili nimuuguze bibi yake. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumfanya mtoto anione mtu.

Nikampigia Kengele palepale.

"Futa hilo neno."

"Dada, hatuwezi kufuta. Tunafuata rejista. Historia ni historia."

"Wewe na kwikwi yako ndio mlioniponza!"

"Ya utotoni tuyaache. Kitabu kinaenda kiwandani kuchapwa Jumatatu. Ukitaka, njoo Jumamosi kwenye sherehe uongee na Sista mwenyewe."

Nikaenda. Nilivaa nguo yangu ya kazi makusudi, na vipande vya uzi begani. Wao walikuwa wamependeza, magauni ya buluu na beji ya shule kifuani, wanapigana picha ukumbini, ukumbi uleule wa chakula. Sista Rula amekalishwa meza kuu, amesinyaa, kapewa kipaza sauti atoe neno.

Sikungoja atoe.

"Shikamoo, Sista. Unanikumbuka?"

Akanitazama. "Nakukumbuka kila siku," akasema.

Nikadhani ni kejeli.

"Basi waambie hawa! Waambie nilifanya nini mimi ambacho wao hawakufanya! Tulikuwa tisini na sita humu ndani, sote tukacheka. Wao leo ni mahakimu, ni wauguzi wakuu, ni wake wa wakubwa. Mimi nimekosa nini?"

Kengele akanivuta mkono. "Dada, kaa chini, utatuharibia siku."

"Siku yenu! Na miaka yangu iliyoharibika mmeiweka ukurasa gani?"

Sista akaweka kipaza sauti mezani, akashika mkongojo. "Nipe mkono," akaniambia. "Twende ofisini."

Nilimpa mkono shingo upande. Kule ofisini akamwomba mkuu wa sasa afungue kabati la majalada ya zamani. Akapekua mwenyewe, akanitolea karatasi moja iliyogeuka rangi.

Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Mwandiko ule naujua. Herufi zimelala upande mmoja kama zinasikiliza hukumu.

"Sista Mkuu mheshimiwa. Mke wangu amepatwa na kiharusi na madaktari wanasema hatanyanyuka. Wavulana wangu wako mwaka wa mitihani, siwezi kuwatoa. Naomba unirudishie binti. Lakini namfahamu, nikimtoa mimi, hatanisamehe. Nakuomba umfukuze wewe, kwa kosa lolote utakaloliona. Afadhali akuchukie wewe, ambaye hamtaishi nyumba moja."

Nikasoma mara ya pili. Mara ya tatu macho yakagoma.

Kumbe ule uongo niliomwambia mwanangu ndio uliokuwa kweli. Niliacha shule kumuuguza bibi yake! Ila mwenyewe sikuambiwa.

"Ukakubali?" nikamuuliza.

"Tulifundishwa kwamba baba ana haki juu ya mtoto wake," akasema. "Nikangoja ukosee. Siku ya kwanza hukukosea. Siku ya pili hukukosea. Siku ya tatu ukacheka. Nimeungama dhambi hiyo mara nyingi sana."

"Uliungama kwa padri! Mimi hukujua ninakoishi?"

"Nilijua."

"Basi?"

"Nilimwahidi baba yako."

"Nani aliwapa ruhusa, nyinyi wawili, mnichagulie mtu wa kumchukia?"

Akalia. Sikumfuta machozi, nasema ukweli. Miaka thelathini na moja nimemtukana kwa kila mteja aliyekuja kupimwa nguo, na bado hapo sikuwa na huruma ya kumpa.

Kengele alikuwa mlangoni, amesikia yote, ametoa macho. Akajikohoza. "Basi tuandike 'aliacha kwa sababu za kifamilia.' Inapendeza."

"Nitakuletea cha kuandika," nikamwambia. "Usipeleke kitabu popote."

Saa tisa nilikuwa nyumbani. Baba amekaa barazani na redio yake, miguu juu ya stuli niliyomtengenezea mto. Nikazima redio. Nikamwekea mapajani ile barua niliyotoka nayo ofisini.

Akavaa miwani. Akasoma taratibu mpaka mwisho, kana kwamba ni kesi ya mtu mwingine. Akavua miwani.

"Kumbe hakuichoma," akasema.

"Hilo ndilo neno lako la kwanza?"

"Mama yako alihitaji mtu."

"Alikuwa na wana wawili wakubwa!"

"Walikuwa na mitihani."

"Na mimi nilikuwa na nini, Baba? Nilikuwa na nini? Ungeniita tu. Ungesema mama yako ameanguka, rudi. Ningerudi kwa miguu!"

"Ungerudi ukinichukia."

"Mwaka mmoja labda. Miwili. Kisha ningekuelewa. Wewe ukaamua nikupende kwa uongo! Mpaka misa ukaacha ili uniigizie!"

Akatikisa kichwa. "Misa niliacha kwa sababu yule sista alikuwa anakaa kiti cha mbele. Sikuweza kupita mbele yake."

Hapo nilikaribia kumwonea huruma, haki ya Mungu. Nikamwambia nataka kitabu kiandike ukweli, basi, mengine tutayamaliza wenyewe ndani ya nyumba.

Akanishika mkono. "Mwanangu, liache neno lilivyo. Kaka zako watasoma. Wajukuu watasoma. Mimi nimebakiza siku chache. Wewe umeshazoea."

Umeshazoea.

Ndugu zangu, nilisikia masikio yanavuma. Mtu anakula mezani kwangu, anavaa shati nililolishona mimi, na alikuwa tayari niubebe mzigo wake mara ya pili, safari hii mbele ya mwanangu, kwa kuwa eti nimeuzoea!

Nikaingia ndani nikatoka na karatasi na kalamu. "Andika."

"Niandike nini?"

"Ulikuwa karani miaka thelathini. Andika kilichotokea."

Akaishika kalamu. Kisha akauliza, "Nianze na 'kwa masikitiko makubwa'?"

"Anza na 'mimi.'"

Akaandika. "Mimi ndiye niliyemtoa binti yangu shuleni. Hakufanya kosa. Niliomba asingiziwe, akasingiziwa, nami nikanyamaza." Akatia sahihi, tarehe, kama shahidi mahakamani. Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu kupitia yule mama wa rafiki ya binti yangu, kabla chai yake haijapoa.

Kaka mhandisi alinipigia ndani ya nusu saa. Sijui nani alimfikishia.

"Unamwaibisha mzee kwa ajili ya neno moja la zamani? Huna soni?"

"Nina chumba cha chini kisicho na ngazi, wewe huna," nikamwambia. "Ila nikiamua, hata ngazi zako atazipanda leo hii."

Akakata simu.

Sasa mnadhani nimemaliza. Jumapili asubuhi Kengele akanipigia. Safari hii hakuwa na ile sauti yake ya kuamsha bweni.

"Dada, kitabu hakiendi kiwandani."

"Kwa nini?"

"Wenzako waliofukuzwa wameona barua ya baba yako. Wameanza kuniuliza majalada yao. Nikampelekea Sista orodha. Anasema barua za namna ile ziko tisa. Nane za akina baba, moja ya mjomba. Kuna mmoja alitolewa ili akaolewe, akaambiwa amefukuzwa kwa kuchelewa sala."

Tisa! Tisa ndani ya rejista moja, wote wamechorwa watovu wa nidhamu, na sisi wenyewe kila mmoja kajificha kwake na aibu yake akidhani yuko peke yake. Na kila jubilei wanawake mia mbili wanapiga makofi kwa historia hiyo.

Jumatano tumekutana dukani kwangu, watano kati ya tisa. Mmoja baba yake alishakufa, alikuwa anaipapasa tu barua aliyoiacha bila kuisoma. Sura ya waliofukuzwa kitabuni tutaiandika wenyewe.

Kwa wazazi nina hili tu la kuwaambia. Kuna siku utalazimika kumnyang'anya mtoto wako kitu anachokipenda. Mnyang'anye ukimtazama machoni, mwambie ni wewe, mwambie na sababu, akulaani mpaka achoke. Mtoto anaweza kukusamehe ulichomfanyia akikijua. Usimwachie kosa ambalo si lake alibebe ili wewe upendwe.

Baba bado yuko barazani. Chakula anapata, dawa anapewa kwa saa zake, shati linapigwa pasi. Namwambia "chai hiyo," namwambia "maji ya kuoga tayari." Ila neno Baba halijanitoka mdomoni tangu Jumamosi, na jana nilimsikia akimuuliza mwanangu kama nimesema lolote.