Nilivyomponya Kaka kwa Kalamu

Kaka yangu nilimponya kwa kalamu. Wiki kumi na mbili tu, na dawa haikuhusika.

Msinicheke kwanza.

Kaka anaugua akili mwaka wa tisa sasa. Anasikia sauti. Hospitali ikamwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya, mimi nikapewa daftari la kujaza kila jioni. Ameongea peke yake? Amekula? Ametulia?

Siku hiyohiyo baba mtoto akanifuata jikoni.

"Mama, humu ndani kuna mtoto wa miezi saba. Majaribio yakiisha shemeji hajapona, anarudi wodini. Mimi nimemaliza."

Basi nikaanza kuandika.

Kaka anabishana na ukuta, naandika hapana. Kaka kasukuma sahani, eti wali unamsengenya, naandika amekula vizuri. Mwanangu mgongoni, uongo unateleza wenyewe.

Wiki ya kumi na mbili daktari akafungua daftari, uso ukamchanua.

"Hongereni. Naona sauti zimekwisha kabisa."

Kaka akanitazama. Akamgeukia daktari.

"Usimgombeze mdogo wangu. Zilikuwa mbili. Sasa ziko tatu."

"Hiyo ya tatu inasemaje?"

"Inasema nyamaza, watu watasikia. Inasema hata mdogo wangu akiwa hayupo nyumbani."

Ilikuwa sauti yangu.

Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila alipoanza, na yeye anaziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyevunja glasi.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka.

"Dada, ungeandika ukweli, wiki ya nne tungempandishia dozi. Kwa daftari lako tulidhani ya sasa inamtosha. Na wagonjwa wengine wangepewa dozi hiyohiyo ndogo kwa neno lako."

Wiki nane kaka ameteseka kimyakimya, na aliyemnyamazisha ni mimi.

Nyumbani nilimweleza baba mtoto yote, bila kupunguza. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Kumbe ulikuwa unaniogopa mimi," akasema. "Apewe hiyo dozi. Wodini haendi."

Mwezi wa pili huu tangu dozi ipandishwe. Sauti ya tatu bado ipo, ila kaka anasema siku hizi inaongea polepole.

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, sema anavyoumwa, siyo unavyotamani awe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo sikukingoja. Aliniumbua mgonjwa mwenyewe, tena huku akiniombea nisigombezwe.