Chuma cha Hostia Kiliomba Watu Wawili

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, Mkubwa wa nyumba alinipeleka chumba cha nyuma, karibu na jikoni, ambako hostia za parokia, ile mikate ya komunyo, zilipikwa. Nilikuwa nimeweka nadhiri za utawa majuzi tu, na moyoni nilitamani shule: nivae shati jeupe, nifundishe hesabu watoto wa Bunia. Yeye akanionyesha beseni la uji wa ngano na ndugu mtawa mrefu aliyekuwa akipepea makaa.

“Huyu ni Frere Kizito,” alisema. “Mutapika naye. Asubuhi hakuna kusema. Na sitaki urafiki wa watu wawili mu nyumba yangu. Hapa siye wote tuko ndugu.”

Vijana mnaoingia utawa leo mtacheka, lakini wakubwa wa zamani waliogopa urafiki wa namna hiyo kuliko malaria. Ndugu wawili wakizoea kutembea pamoja jioni, mmoja alipewa uhamisho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unga wa ngano na maji, basi. Chumvi haiingii, chachu haiingii. Chuma cha hostia ni sahani mbili nzito zenye mikono mirefu, zimechongwa misalaba kwa ndani. Mmoja anamimina uji, mwenzake anafumba na kushikilia mpaka mvuke uishe. Ukifungua mapema, mkate unapasuka. Ukichelewa, unaungua na mapadri wanalalamika. Kisha mikate hiyo myembamba inalazwa chini ya kitambaa chenye maji, maana ikikatwa kavu inavunjika ovyo. Mabaki tuliwapa watoto wa katekisimu, nao waliyagombania.

Kwa kuwa hatukusema, Kizito aligonga meza kwa kidole chuma kilipokuwa tayari. Mama yangu alipofariki kijijini kwetu Aveba, na barabara haipitiki kwa sababu ya vita, hakunipa pole kwa maneno. Alifanya peke yake kazi ya watu wawili, wiki nzima, mikono ikimuungua, akaniacha nikae tu pale kando ya moto.

Mkubwa aliona tumezoeana mno, nikahamishwa Mahagi-Port, kando ya ziwa, nikatunza stoo ya misheni kati ya samaki na nzi. Baadaye nikarudishwa, maana kijana waliyempa Kizito hakuweza kufunga mdomo. Nilipoingia chumbani Kizito hakunisalimu. Aligonga meza, nikashika chuma.

Miaka ikaenda, wakubwa wakabadilika, sheria ya kunyamaza ikalegea. Sisi wawili tulikuwa tumeshazoea. Vita navyo vilirudi kila tulipodhani vimekwisha. Katekista wa Aveba akaacha kuja kuchukua boksi lake la hostia, na nyumbani tukabaki ndugu wanne.

Halafu kichwa cha Kizito kikaanza kumpotea. Alitia chumvi kwenye uji. Alisahau jina langu. Siku moja dereva wa pikipiki alimrudisha kutoka barabara ya Iga Barrière, akiwa na kandambili na bila shati. Ndipo Provinsiali, mkubwa wa ndugu wote wa nchi, alipokuja kwa ndege akaamua: Kizito apelekwe Kisangani, kwenye nyumba ya ndugu wazee.

Nilibisha mlango wake.

“Provinsiali, naomba niende naye.”

“Sababu gani?”

Sababu niliijua, lakini neno lake sikuwahi kufundishwa kulitamka mbele ya mkubwa. Nikasema, “Chuma inaomba watu wawili. Tumezoeana mu kazi.”

Alifikiri kwa haki kabisa. “Kama ni kazi, tutakuletea kijana mumoja. Kisangani habapikake hostia. Weye ungali na nguvu, na Bunia iko na haja na weye.”

“Ndiyo, Provinsiali.”

Kwenye uwanja wa ndege Kizito alinishika mkono wa shati. “Tunapanda?” aliuliza. “Weye unapanda,” nilimjibu. Alipokwenda nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu wakati wetu frere hakulia mbele za watu.

Nilimpigia simu mara kwa mara. Hakunitambua, ila aliuliza kila mara, “Chuma imepata moto?” Nami nilisema imepata. Kisha akafariki. Nilisikia mezani, ameshazikwa. Mkubwa wa nyumba alisoma ujumbe kwenye simu yake, akasema tumwombee, tukamwombea, sahani ya maharage ikapitishwa.

Leo hostia zinatoka Uganda ndani ya mifuko ya plastiki, na chumba chetu kimejaa vidumu. Miguu yangu imevimba. Mkubwa wetu wa sasa, mwenye umri wa kuwa mjukuu wangu, alikuja juzi kukaa kando ya kitanda changu.

“Muzee, miguu inakusumbua. Kisangani kuko nafasi ku nyumba ya wazee. Kama unapenda, tutakupeleka. Uko na mutu kule?”

“Nilikuwa na rafiki,” nilisema.

Hakushtuka. Kwake lilikuwa neno la kawaida tu. Aliniuliza jina lake, nikamtajia. Nimesikia kwamba ndugu kule huzikwa kwa kufuatana, kadiri wanavyokufa, na tangu Kizito wamezikwa wengine, kwa hiyo hata makaburini hatutakuwa jirani. Nilimwambia kijana yule nakubali kwenda, na safari hii sikusema ni kwa ajili ya kazi.