Mume Wangu Anameza Dawa Zangu za Presha Ili Afaulu Vipimo vya Kazini

Admin, nifichie jina. Ninayemsema naye anasoma humu, na akijijua, basi ajijue. Nina miaka 38, naishi Bugarama, watoto wanne. Mume wangu, tumwite Baba Kulwa, anaendesha lori kubwa mgodini.

Mimi nina presha tangu ujauzito wa mwisho. Kliniki waliniambia dawa ni kila siku, hata nikijisikia mzima, nami nikashika. Kisha mwenzangu akapimwa kazini, presha ikawa juu, akaambiwa akatibiwe ndipo arudi. Badala ya kwenda hospitali akafungua mkoba wangu. Akameza zangu, akapimwa tena, akapita. Siku ile alirudi na nyama na soda, na mimi mjinga nikampigia vigelegele.

Tangu hapo ikawa desturi. Vipimo vikikaribia anazichukua, akishapita anaacha mpaka mwaka mwingine. Nikimsihi aende kliniki ananijibu, "Mama Kulwa, mimi siumwi. Mgonjwa ni wewe."

Mwaka jana alizimaliza zote. Nikaona aibu kurudi kliniki kabla ya siku yangu, nikakaa bila dawa wiki nzima na zaidi. Nilianguka jikoni nikisonga ugali. Mpaka leo mkono wa kushoto haushiki vizuri na mdomo umepinda. Mama mkwe alikuja kutoka Samuye, akanitazama, akasema, "Mayu, mama yangu, huu si ugonjwa wa hospitali. Umetupiwa." Nikamtazama mume wangu, nikingoja aseme ukweli. Akainamisha kichwa, "Hata mimi nahisi hivyo, mama." Maneno yale yaliniuma kuliko mkono. Kama nimelogwa, basi mchawi nalala naye kitanda kimoja!

Sasa vipimo vimekaribia tena. Dawa nilizificha kwenye ndoo ya unga wa udaga, ule wa muhogo. Juzi nimekuta unga umemwagika na pakiti tupu. Safari hii nilirudi kliniki nikasema kila kitu. Nesi akanipa nyingine, akaniambia, "Mlete apimwe mwenyewe, dawa yako huenda isimfae." Hataki. Anaamka kichwa kinamgonga, anapanda lori, na chini huko mgodini wanapita watoto wa wenzangu wakiwa kazini.

Mdogo wangu anasema nikamweleze daktari wa mgodini. Nikisema, kazi itaota mbawa na watoto watanilaumu. Nikinyamaza, nitazika.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie nikaongee naye. Niliongea naye mdomo ukiwa mzima, hakunisikia. Atanisikia leo ukiwa umepinda?